Unayeanza kupima ethanoli na maji, usiamini silinda

Mdogo wangu, changanya mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji, halafu soma ujazo. Hupati 100. Unapata kama 96 hivi, kwa sababu molekuli zinavutana na kukaa karibu zaidi. Upungufu huo ndio tunaouchunguza, kwa hiyo sampuli zako usiziandae kwa ujazo. Tumia mizani. Pima chupa tupu na kizibo chake, tia maji, pima, ndipo utie ethanoli na kuziba papo hapo. Kwa ukavu na upepo wa Dodoma, bika iliyoachwa wazi inapoteza ethanoli huku unaiangalia.

Jambo lililonitesa zaidi ni joto. Ethanoli ikitoka nyuzi 20 kwenda 30, densiti yake inashuka kutoka gramu 0.789 hadi 0.781 kwa mililita, na wewe unatafuta tofauti kwenye tarakimu ya nne! Oktoba moja grafu yangu ilivunjika katikati, nikaamini nimegundua kitu. Wiki nzima nilihangaika nayo. Kumbe sampuli za upande mmoja nilizipima asubuhi, nyingine saa nane mchana, chumba kikiwa kimeshachemka.

Tangu hapo pikinomita yangu, yaani kichupa cha kupimia densiti, inakaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 kwa dakika 20, kila sampuli, bila kuruka hata moja. Kizibo chake kina tundu jembamba. Futa tone la juu ikiwa bado majini, kisha uitoe na kuikausha nje. Ishike shingoni. Ukiikumbatia kwa kiganja utaona kimiminika kinapanda na kutokeza tena tunduni. Ukikifuta hicho kimepotea, rudia.

Kwenye mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, utashtuka. Kwa nyuzi 25, maji ni milipaskali sekunde 0.89, ethanoli 1.07, lakini mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 40 na kitu kwa uzito unafika karibu 2.4. Hujakosea. Andaa sampuli nyingi zaidi eneo hilo, maana pointi tano zilizotawanyika zitakufichia kilele.

Na ukipima kiwango cha kuchemka, kumbuka tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kama nyuzi 96 hapa, na ethanoli haitafika 78.4 ya kitabuni. Usiilaumu themomita, andika kanieneo la hewa la siku hiyo pembeni ya kila usomaji.