Kabla hujailaumu antibodi, angalia barafu yako

Wadogo zangu mnaoanza maabara hapa Moshi, hasa nyie mliokuja na proposo za protini zinazopeleka ishara ndani ya seli, hiki kitu kilinila wiki tatu nzima.

Nilikuwa natafuta ERK iliyowashwa, moja ya hizo protini za ishara, kwa western blot, ile njia ya kutenganisha protini kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye membreni na kuzitafuta kwa antibodi, protini inayoshika kitu maalumu. Antibodi yake haishiki ERK yoyote tu, inashika ile yenye fosfeti kwenye threonini ya 202 na tairosini ya 204, na kazi ikikubali unaona mistari miwili imebanana, wa kDa 44 na wa 42 (kDa ni kipimo cha ukubwa wa protini). Mi sikuona hata mmoja, membreni nyeupe pee. Nikasema hii antibodi imefia njiani, nani ajuaye ilikaa juani saa ngapi pale uwanja wa ndege wa KIA, nikaanza kuandika barua ya kuomba nyingine, na bei yake mnaijua, kichupa cha mikrolita 100 hela yake unanunua mbuzi na ya ndizi inabaki.

Dada mmoja mkongwe pale ndani akaniuliza, "Mdogo wangu, ukishavunja seli tyubu unaziweka wapi?" Nikamwambia mezani dada, naenda chai mara moja narudi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Iko hivi, ukivunja seli unazifungulia na fosfatezi, vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti, na kwenye joto la chumba havikusubiri umalize chapati. ERK ipo, tena ukiipima yote unaikuta, ila ile alama antibodi inayoitafuta imeshanyofolewa. Kwa hiyo barafu iwepo kabla hujagusa sahani ya seli, PBS, ile bafa ya chumvi ya kuoshea seli, iwe ya baridi, na kwenye bafa ya kuvunjia weka sodiamu floraidi na sodiamu ofthovanadeti za kuzizuia hizo fosfatezi, siku hiyohiyo. Hiyo vanadeti nayo ina visa vyake, ukiiweka sawa kwenye pH 10 inageuka njano, unaichemsha mpaka rangi iondoke, unairudisha pH unachemsha tena mpaka itulie, ukiruka hapo umeweka maji tu.

Maziwa ya unga msizimishie nayo membreni (kuziba sehemu tupu ili antibodi isishike ovyo) kwa antibodi za fosfeti, najua ni rahisi yapo kila duka, lakini kasini, protini ya maziwa yenyewe, imejaa fosfeti na membreni inaweza kutoka nyeusi yote kama sufuria ya mtori iliyosahaulika jikoni. Tumieni BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5 kwenye TBST, ile bafa ya kuoshea membreni.

Umeme ukikatika msiwe na presha na kichupa cha antibodi, nyingi zimewekwa gliserini nusu kwa nusu kwa hiyo kwenye nyuzi hasi 20 hazigandi kabisa, hakuna cha kuyeyuka na kuganda tena, cha msingi friza isifunguliwefunguliwe. Sampuli za seli ndo za kuwahisha kwenye hasi 80.

Halafu jamani kontroli, sampuli ya kulinganishia ambayo unajua lazima iwake! Ningekuwa nayo nisingepoteza hizo wiki. Shindisha seli bila siramu usiku kucha, asubuhi zipe EGF, protini ya ukuaji inayoiwasha ERK, dakika 5 mpaka 10, vunja juu ya barafu, pakia pembeni ya sampuli zako. Hizo zikiwaka na zako zisiwake, antibodi haina kesi, rudi kwenye sampuli. Isipowaka hata moja, hapo sasa ndo uanze kukagua hatua zako moja moja, barua ya kuomba kichupa kipya iwe ya mwisho.