Ukuta wa skrini 12, picha ya skrini moja

SWALI: Idara yetu ya jiolojia inataka ukuta wa skrini 12, safu tatu za skrini nne nne, wa kuchunguzia picha za satelaiti za Landsat za Bonde la Ufa. Tulipojaribu kwa skrini nne, volkano ya Ol Doinyo Lengai ilionekana kama iko ndani ya ukungu. Muuzaji anatushauri tuchukue skrini za 4K, zenye nukta nyingi zaidi. Tumsikilize?

JIBU: Msimsikilize. Hizo ni dalili za kisanduku cha kugawa picha: waya mmoja wa HDMI unaingia, kadhaa zinatoka. Kisanduku kinagawa tu, hakizalishi. Picha ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 ikikatwa vipande 12, kila skrini inaambulia pikseli 480 kwa 360, kisha zinavutwa mara nne kwa upana na mara tatu kwa kimo. Kreta ya duara inageuka yai. Ukiunganisha skrini za 4K kwenye kisanduku hichohicho, umenunua ukungu wa bei kubwa.

Kila skrini ilishwe pikseli zake. Kwa Full HD, yaani 1920 kwa 1080 kwa kila skrini, ukuta wenu ni 7,680 kwa 3,240, karibu pikseli milioni 25. (Hyperwall-2, ukuta wa skrini wa kituo cha utafiti cha NASA Ames, wa mwaka 2008, ilikuwa na milioni 245 kwenye skrini 128.) Kompyuta tatu zenye kadi za grafiki za matundu manne zinatosha, kila moja safu yake, na ya nne ya kuongoza. Msirushe picha nzima kwenye mtandao: fremu moja isiyobanwa ni takriban MB 75, na mtandao wa gigabiti 1 haupitishi hata fremu mbili kwa sekunde. Kila kompyuta iwe na nakala ya data, faili za GeoTIFF (picha zenye majira ya ramani) zikiwa zimekatwa vigae na kutengenezewa piramidi, yaani nakala zilizopunguzwa hatua kwa hatua, kwa programu ya GDAL. Kwenye kupunguza huko, ramani za aina za miamba, ambazo kila aina ni namba, zisipigiwe wastani. Wastani wa aina ya 2 na ya 4 ni aina ya 3, na huenda mwamba huo haupo kabisa pale.

Pengo la milimita 3.5 kati ya skrini za inchi 55 ni kama pikseli 6. Pikseli hizo zifichwe nyuma ya kingo, la sivyo mto unaopita mshazari utaonekana umeteguka, na mwanafunzi atachora ufa usiokuwepo.

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba ukuta mkubwa huona zaidi ya satelaiti. Bendi za rangi za Landsat zina pikseli ya mita 30, yaani kila nukta ni mita 30 kwa 30 ardhini. Pikseli kwa pikseli, ukuta wenu unaonyesha kilomita 230 kwa 97. Mkivuta karibu zaidi mnakuza miraba tu. Sasa kuna wanaouza programu za akili bandia za "kunoa" picha. Zinabuni kingo. Korongo la kubuni likiingia kwenye ramani ya maporomoko ya matope, kuna watu watajenga au watahamishwa kwa kulifuata.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aonyeshe picha ya 7,680 kwa 3,240 yenye mistari myeusi na myeupe ya pikseli moja moja, bila kuikuza wala kuipunguza. Sogeeni na lenzi. Mkiona kijivu au mawimbi, rudisheni mzigo.