Kwa wadogo zangu mnaoandika maswali ya Mheshimiwa

Wiki hii nimeletewa rasimu za vijana wapya kwenye ofisi za wabunge hapa Westminster, Bunge la Uingereza, Waswahili wenzangu, na karibu kila moja inaanza na "Je, Waziri ana maoni gani kuhusu…" Jamani. Waziri ukimuuliza ana maoni gani, atakwambia ana maoni mazuri.

Ninajua ugonjwa ulikotoka. Wengi wenu mmekulia kwenye redio ya Dodoma: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Maji, naomba kujibu swali la Mheshimiwa…" Naibu Waziri anasoma, mbunge anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, anaomba maswali mawili madogo ya nyongeza, barabara itajengwa kadri fedha zitakavyopatikana. Swali la maandishi la huku halisomwi na mtu ukumbini. Linapewa namba, linakwenda wizarani, linaandikiwa jibu na mtumishi anayetaka kuwahi treni, waziri anapitisha. Huyo mtumishi ndiye mnayemwandikia. Hana nia mbaya. Ila ukimwachia upenyo, atapita.

1. Ulizeni kitu ambacho wizara imekiandika mahali: idadi, tarehe, kiasi cha fedha, nani alikutana na nani. "Kwa nini" muwaachie wahariri. Na kabla ya kuuliza, angalieni kama takwimu hazijachapishwa tayari, kwa sababu mtajibiwa kwa kiungo cha tovuti na Mheshimiwa ataonekana hasomi. Maktaba ya Bunge ina watu werevu wanaolipwa kuwasaidia. Wapigieni.

2. Swali moja, jambo moja. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Mnakumbuka viza ya kea, ile ya kuja kutunza wazee na wagonjwa, ilivyofunguliwa Februari 2022. Watu waliuza mashamba nyumbani kulipia COS, yaani cheti cha udhamini wa mwajiri, wakafika huku, wengine wakakuta kampuni haina kazi. Kisha kampuni inanyang'anywa leseni ya udhamini, yaani kibali cha kuajiri watu kutoka nje, na mfanyakazi anapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au aondoke. Dada mmoja wa Kikenya, aliyekuwa akitunza wazee huko Midlands, alikuja kwa mbunge niliyekuwa nikimfanyia kazi. Barua yake ya siku 60 ilikuwa imeshafika. Mheshimiwa akaniambia: tafuta ukubwa wa tatizo hili, tuulize wizara.

Nikaandika swali ambalo nililiona kazi ya sanaa. Nilitaka idadi ya wafanyakazi walioathirika, kwa kila mwaka, kwa uraia wao, kwa halmashauri wanakoishi, kwa aina ya mwajiri, na wangapi kati yao walipata mdhamini mpya ndani ya siku 60. Nilijiona nimewabana. Mwenzangu wa meza ya pili, Mskoti mmoja mzee wa kazi, alilisoma na kusema tu, "Refu." Nikadhani ananionea wivu.

Jibu lilikuja kwa sentensi mbili: taarifa iliyoombwa ingepatikana kwa gharama isiyolingana na faida yake. Ninyi mnajua kikomo cha gharama ya kuandaa jibu moja ni pauni 850, ikizidi hapo wizara inaweza kukataa. Mimi pia nilikijua! Nilikuwa nimewafundisha wengine. Lakini sikujiuliza hata mara moja ni mtumishi gani atakaa kulinganisha uraia na halmashauri za watu hao wote kwa pauni 850. Nilimpa waziri milango mitano, nikashangaa katokea kwenye ule nisioulinda.

Kosa hilo peke yake lingetibika kwa siku moja. Ningelikata swali vipande, nikakirudisha kile kilichokuwa na jibu. Badala yake nilikasirika. Niliandika barua ndefu ya malalamiko kwa waziri, kwa jina la Mheshimiwa, yenye maneno kama "kusikitisha" na "uwajibikaji", nikakaa kungoja majibu ya barua. Dada yule alikuwa akipiga simu kila wiki, kwa adabu, "Kaka, wamejibu?" Nami namwambia bado kidogo. Sikumwambia kwamba walishajibu, na kwamba kilichojibiwa ni ujinga wangu.

Nilipokuja kupoa ilikuwa Mei 2024. Nikaandika maswali mafupi, mazuri, moja linauliza leseni ngapi za udhamini katika sekta ya huduma zimefutwa, basi. Yakaingia kwenye mfumo. Jumatano ya tarehe 22 Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, akatoka nje ya Namba 10, ofisi yake, mvua ikimnyeshea, akatangaza uchaguzi wa Julai 4. Ijumaa yake kikao cha Bunge kikafungwa. Na kikao kikifungwa, swali ambalo halijajibiwa linakufa. Halihamii Bunge jipya wala halimsubiri mwenyewe arudi. Mheshimiwa wangu hata hivyo hakurudi, wapiga kura walimaliza habari hiyo.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba namba ilikuwapo. Machi 2025 serikali yenyewe ilitangaza kuwa kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta ya huduma, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao tangu Oktoba 2020. Niliisoma nikiwa kwenye basi, nikashuka kituo ambacho si changu. Leseni zinazofutwa mtu lazima azihesabu, ni kazi yake. Ningeuliza hilo peke yake mwanzoni mwa mwaka, Mheshimiwa angesimama na namba mkononi wakati bado ana kiti. Dada yule alipata mdhamini mwingine, kwa juhudi zake na za kanisa lake. Sisi hatukumsaidia kitu.

3. Wizara sahihi. Mkikosea, swali linahamishiwa wizara nyingine na siku zinakwenda. Na tafadhali, hospitali za Scotland na shule za Wales hazijibiwi na mawaziri wa London. Nimerudia hili mpaka mke wangu analijua.

4. Maswali ya siku maalumu, yale ambayo mbunge anataja siku ya kujibiwa, ni matano tu kwa siku kwa kila mbunge. Msiyatumie kutishia. Wizara isipokuwa tayari itawapa jibu la kusubirisha, na mtakuwa mmeharibu nafasi. La kawaida linalojibiwa ndani ya wiki linatosha kwa mambo mengi. Wanaochelewa kila mara wanafuatiliwa na Kamati ya Taratibu, kwa hiyo wekeni kumbukumbu za ucheleweshaji.

5. Jibu lisomeni kama wakili, si kama mpwa aliyetumiwa salamu. Machi 3, 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini waliuawa katika kambi ya Hola, Kenya, kando ya Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilisema vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Isomeni tena polepole. Haisemi maji yaliwaua. Inasema *baada ya*. Walikuwa wamepigwa na askari. Kina Barbara Castle, mbunge wa Labour, chama cha upinzani wakati huo, waliendelea kuuliza na kuuliza, mpaka usiku wa Julai 27 mwaka huo Enoch Powell, mtu wa chama tawala ambaye hakuwa rafiki wa Mwafrika, akasimama bungeni na kusema serikali yake haiwezi kukwepa wajibu wa vifo hivyo.

Karibu na wakati wetu kuna mkataba wa Aprili 2022 wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Wabunge waliuliza gharama, wakapewa namba iliyokwisha kutangazwa na ahadi kwamba nyingine itaonekana kwenye hesabu za mwaka. Jibu la namna hiyo linakwambia kuna namba nyingine. Desemba 2023 barua ya katibu mkuu wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani, kwa wenyeviti wa kamati mbili za Bunge ikaonyesha kuwa juu ya pauni milioni 140 zilizojulikana, milioni 100 zaidi zilikuwa zimelipwa, na 50 zingine zinatarajiwa. Kwa hiyo swali la maandishi likigonga ukuta, pelekeni karatasi zenu kwa karani wa kamati. Mbunge wenu atanuna kwamba sifa imekwenda kwa mwingine. Atazoea.

6. Maswali ya mdomo: lile lililochapwa ni tiketi tu ya kuingilia. Jumatano saa sita mchana, kwenye maswali kwa Waziri Mkuu, majina 15 yameshachaguliwa kwa bahati nasibu, na swali la kwanza linauliza ratiba ya Waziri Mkuu siku hiyo, jambo ambalo hakuna binadamu anayetaka kulijua. Kazi yenu ni nyongeza. Iwe fupi kiasi kwamba Mheshimiwa anaweza kuisema ukumbi mzima ukimzomea, na iishie kwenye ndiyo au hapana. Mheshimiwa ataongeza shukrani kwa timu ya mpira ya jimboni. Hilo hamtalizuia, mimi nimeshindwa.

Rasimu za kesho nitumieni kabla ya saa nne asubuhi. Yenye "na pia" katikati nitairudisha bila kuimaliza.