Nacheza chesi kila siku lakini kusoma siwezi, nitapanda kweli?

SWALI: Habari yako mwandishi. Mimi nacheza chesi kwenye simu nikitoka kazini, zile za dakika 3 3, reting yangu (zile pointi za uwezo) imeganda 800 na ushee. Drafti hapa kijiweni wananiogopa ila kwenye chesi napigwa na watoto. Washkaji wananiambia nisome ufunguzi, zile muvu za kuanzia gemu, nikifungua video nasinzia. Sina mpango wa kuwa bingwa, nataka tu nisionewe. — Mvivu wa Temeke

JIBU: Kaka Mvivu, achana na vitabu kwa sasa wala usijisikie vibaya. Mtu wa 800 hafungwi kwa sababu hajui muvu ya 12 ya ufunguzi wa Sisilia, anafungwa kwa sababu kaacha farasi analiwa bure na hajamuona.

Halafu hiyo drafti yako ndo nahisi inakuchongea. Kwenye drafti kula ni lazima, ukiona unakula, basi mkono umeshazoea, unakuja kwenye chesi unakula kila kinachotegwa mbele yako wakati huku hakuna anayekulazimisha, askari wa bure mara nyingi ni chambo na malkia wako anaenda kunasa huko huko. Lakini jicho la mitego unalo tayari, unajua kutoa kete moja ule tatu, kwa hiyo si kwamba unaanza sifuri.

Kitu cha kwanza hama kwenye dakika 3. Cheza dakika 10, au 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kila muvu, gemu moja au mbili kwa jioni zinatosha. Ukicheza haraka unarudia tu makosa yako yale yale kwa spidi. Muda ukiwepo, kabla hujagusa kete jiulize, huyu jamaa kasogeza ile ili afanye nini, anaweza kunipa cheki, anaweza kula nini? Utachoka kujiuliza wiki ya kwanza, baadaye inakuja yenyewe.

Gemu ikiisha usianze kuchambua kila muvu, hiyo ndo kusoma kwenyewe unakokukimbia. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ni ya bure kabisa, bonyeza uchambuzi wa kompyuta, angalia grafu ya nani anaongoza ilipoporomoka mara ya kwanza, ona uliacha nini, funga simu ukale.

Mafumbo nayo kumi hivi ukiwa kwenye daladala, hayo si kusoma, ni gemu ndani ya gemu. Utakutana sana na farasi anayegonga mfalme na malkia kwa mpigo, na ngome inayoshuka mstari wa mwisho wakati mfalme kajifungia nyuma ya askari wake mwenyewe (dawa yake msogeze askari wa safu ya h hatua moja mapema, basi).

Ufunguzi chukua mmoja tu, London (herufi na namba ni jina la kisanduku kete inapokwenda): askari d4, askofu f4, askari e3, farasi f3, askari c3, ficha mfalme pembeni nyuma ya ngome. Karibu kila mpinzani unapanga hivyo hivyo ila macho yawe wazi. Wengine wanasema inaboesha, waache waseme.

Na siku ukitaka kuangalia gemu ya mtu, tafuta ile ya Paul Morphy, fundi wa chesi Mmarekani, ya Paris, 1858, alicheza kwenye jumba la opera, muvu 17 tu, anamtoa malkia aliwe halafu ngome inamaliza kazi. Hata wewe hutasinzia.

SWALI: Ile ya kumfunga mtu muvu nne inafanyaje? — Dogo wa fomu tu

JIBU: Askari e4, malkia h5, askofu c4, malkia anakula f7. Ikikutana na asiyejua ni raha. Anayejua anatoa farasi c6 kulinda askari wake wa e5, kisha anasukuma g6, malkia wako anakimbilia f3, anatoa farasi mwingine f6, na hapo yeye kashatoa farasi wawili wewe bado unatembeza malkia.