Kwa unayeanza kutengeneza mapambo na zawadi za Iringa

Mto wa kochi wenye picha ya twiga utauzika, sikatai. Ila utashindana na kila mtu kuanzia Arusha hadi Zanzibar, maana twiga hana mji. Anayeanza kazi hii hapa Iringa namshauri aanze na kile ambacho mtu wa Kihesa au Ipogolo anakitambua kabla hajaambiwa: jiwe la Gangilonga, jengo la kale la Boma, nguzo za mawe za Isimila. Wateja wako wa kwanza ni wenyeji hao hao. Wananunua zawadi ya sendofu, ya mahafali, ya shemeji aliyehamishiwa Dodoma. Watalii wa Hifadhi ya Ruaha wapo, lakini wana msimu wao, na kodi ya fremu haijui msimu.

Usichore kwa kuangalia picha za kwenye simu. Isimila ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, mikunjo ya mawe ionekane. Kaa mbele ya nguzo moja uitazame: juu kuna tabaka gumu linaloikinga, na pembeni ni mchanga laini uliogandamana, ambao mvua imeula miaka na miaka. Asiyefika huko huchora vichuguu vyenye ncha, na mwenyeji akiona tu anajua. Ukiwa hapo hapo angalia zana za mawe za kale, zile zilizochongwa pande mbili hadi zikaishia ncha. Umbo hilo moja, likirudiwa kwa mpangilio kwenye kitambaa cha meza, linapendeza kuliko mandhari nzima kubanwa kwenye kikombe.

Wenzetu wa upande wa Mbeya wana kazi ngumu zaidi na Kimondo cha Mbozi. Ni chuma karibu kitupu, uzito wake unapita tani 10, lakini kikichorwa kwa mbali kinabaki kiazi kitamu. Afadhali kukichora kwa karibu, vile vibonyeo vya usoni mwake vijaze kitambaa kizima. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano, lina nafuu: mstari wa ukingo wake peke yake unatosha kuwa pambo la ukutani.

Kuna ambacho mimi sikichori kabisa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga. Ni babu wa watu, na ukoo wake upo. Sioni linavyoweza kukaa kwenye kikombe cha chai.

Upande wa vifaa ndiko pesa za wanaoanza zinakopotelea. Wino wa kuhamisha kwa joto unashika kwenye poliesta na kwenye vikombe vilivyopakwa utando maalumu. Kwenye pamba unafifia ukifuliwa, na kikombe cha kawaida cha dukani hakiushiki. Ukitaka pamba, chapa kwa skrini, yaani kupitisha wino wa kitambaa kwenye wavu wenye mchoro. Fua kitambaa kwanza kirudi kadiri kitakavyorudi, chapa, acha kikauke, kisha kipige pasi ya moto kwa upande wa nyuma. Ukiruka hatua ya kufua, foronya ya sentimita 45 itakuja kugoma kuingia kwenye mto, na mteja atakurudishia.

Vikapu vya nyasi za milulu waachie kina mama wanaovisuka, na msibishane bei hadi waone wanadharauliwa. Usiwapelekee picha ya Boma yenye madirisha yote. Msuko unapenda mistari na pembe. Wape rangi mbili tatu za udongo wa Isimila na upana wa mistari, mengine wanayajua kukuzidi. Msimu wa mvua usivirundike sakafuni, vitaota ukungu.

Trei za mbao za paini kutoka Mufindi ni nafuu, lakini uliza kama mbao imekauka. Mbichi itapinda ikiwa tayari sebuleni kwa mtu.

Pembe, mifupa na meno ya wanyamapori usiguse hata ukiletewa bure. Hizo ni nyara za serikali. Na picha iliyopigwa na mtu mwingine, uliyoikuta mtandaoni, ina mwenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda.

Kwenye lebo andika kwa Kiswahili mahali palipochorwa, na kitu chenyewe kinafuliwaje. Kisha, kabla hujapokea oda ya mkoani, funga kikombe kimoja kwenye boksi lako, kikabidhi kwenye basi liendalo Makambako, na umwombe mtu wa huko akirudishe bila kukifungua. Kikifika mkono umekatika, ongeza karatasi.