Diski ya TB 4 kwa Kompyuta ya Nyumbani? Hesabu na Saa, Si Bei Tu

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana kompyuta ya mezani iliyotumika, diski yake ya GB 500 imejaa picha na video za familia, na dukani Kariakoo ameshauriwa achukue ya TB 4 (GB 4,000) kwa sababu kila gigabaiti inatoka kwa bei ndogo kuliko kwenye ya TB 1. Muuzaji hajamdanganya. Ila hiyo ni nusu ya hesabu.

Pima kwanza ulicho nacho. Picha ya simu ya megapikseli 12 hula kama MB 4, na saa moja ya video ya 1080p huweza kufika GB 8. Picha 20,000 na saa 40 za video, basi, ni kama GB 400, na hapo TB 1 haijafika nusu. Ukiifunga na Windows ikaonyesha GB 931, hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Sasa hesabu saa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Diski ya kuzunguka inayosoma MB 150 kwa sekunde hunakili GB 500 kwa takriban saa moja. TB 4 iliyojaa huchukua zaidi ya saa saba, na kwenye tundu la USB 2.0, lenye kasi ya kama MB 35, ni zaidi ya saa 31. Hiyo ni kwa faili kubwa. Maelfu ya picha ndogondogo huchelewesha zaidi. Diski ikianza kufa haikupi muda huo, wala umeme haukusubiri umalize. Na aliyemaliza fedha kwenye TB 4 moja ni nadra kununua ya pili ya kuwekea nakala, kwa hiyo picha zote za watoto zinabaki mahali pamoja. Hilo tu lingenitosha kumwambia asiinunue.

Badala yake, achukue SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 256 ya Windows na programu, na diski mbili za TB 1: moja ndani ya kompyuta, nyingine kabatini, ichomekwe siku ya kunakili tu. SSD ndiyo itakayoamsha mashine. Kichwa cha diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10 kufikia faili, SSD haifiki hata moja. Afungue kasha kabla ya kwenda dukani, ahesabu nyaya za SATA, zinazopitisha data, na za umeme, kwa sababu kasha dogo mara nyingi lina nafasi ya diski moja tu ya umbo kubwa la inchi 3.5. Mwenye laptopu yenye nafasi ya diski ya SATA naye apime unene: nyingi hupokea ya milimita 7, na diski ya milimita 15 haiingii.

Anayehariri video kwa kazi anahitaji TB 4 kweli. Anunue mbili. Akiiandaa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, GB 1,678 hivi zitabaki bila kutumika. Achague GPT, mtindo mpya, diski ikiwa bado tupu. Aangalie pia kwenye ukurasa wa mtengenezaji kama ni CMR (mistari ya data imekaa kando kwa kando) au SMR (imepandana kama vigae). Ya SMR huanza vizuri, kisha kwenye uandishi mrefu kasi huporomoka. Inafaa kutunzia vitu, si kuwekea Windows.

Diski iliyotumika usiilipie kabla ya kuifungua kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sekta (vipande vya diski) zenye hitilafu, iwe sifuri. Tarakimu zake huonyeshwa kwa mfumo wa 16 (0 hadi 9, kisha A hadi F), kwa hiyo ukiona 1A usidhani ni kosa. Ni sekta 26, iache hapo hapo dukani. Angalia na saa za kuwaka: 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa, hata kama imefungwa kwenye mfuko mpya unaong'aa.

Ukishahamisha vitu, usiifute ile ya GB 500 siku hiyo. Linganisha idadi ya faili pande zote mbili, fungua picha za mwaka wa kwanza na wa mwisho, cheza video kadhaa mpaka mwisho, kisha ichomoe na uiweke kando kwa mwezi mmoja.