Mguu wa bibi yako tuliusaini siku ileile

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na nimeamua kukujibu kwa barua. Sauti nikikutumia wewe leo, kesho inasikilizwa Korogwe kwa shangazi yako na keshokutwa imeshafika Muscat. Barua ndefu ina faida yake: wambea huishia ukurasa wa kwanza.

Umeuliza, "Mama, kwa nini ukakatwe tumbo ili upungue uzito wakati unaweza kufunga mdomo? Na kama mdomo umeshindikana, kwa nini usichome hizi sindano wanazochoma wenzako?" Ukamalizia kwamba mjomba wako, shangazi yako na dada yako wote wamekataa, kwa hiyo nifikirie upya. Nimefikiria. Tarehe ya operesheni iko palepale.

Nianze na bibi yako, ingawa hukumtaja. Unakumbuka alivyokuwa akilalamika ganzi ya miguu, tukawa tunamkanda kwa mafuta ya karafuu. Siku moja namwosha, nikakuta kipande cha kifuu kimezama kwenye unyayo na mwenyewe hana habari. Sukari ilikuwa imeshaua hisia zote za mguu. Kidonda hakikufunga. Kidole kikawa cheusi, weusi ukapanda, daktari akasema mguu uondoke chini ya goti. Mjomba wako alisaini fomu siku ileile. Wewe ulikimbia kutoa damu. Hakuna aliyesema tungoje kwanza, hakuna aliyeuliza watu watasemaje, wala hakuna aliyetaja maumbile ya Mungu. Kukatwa mguu kwa mama yetu kulionekana ni matibabu, na mimi kupunguziwa mfuko wa chakula kunaonekana ni anasa.

Ganzi ile ninayo. Ipo kwenye vidole vya mguu wa kushoto, na dada yako anajua kwa sababu ndiye anayenikata kucha.

Sasa twende kwenye hesabu, maana umelelewa na mwalimu wa hesabu. Nina kilo 118 na urefu wa meta 1.60. Zidisha urefu kwa urefu, gawanya kilo kwa jibu ulilopata: 46. Hicho ndicho kipimo cha unene wanachokiita BMI. Tangu mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliweka kiwango kwamba mtu akifika 40, au 35 huku ana ugonjwa unaotokana na uzito, upasuaji ni jambo la kuzungumzwa naye. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hiyo wakashusha zaidi: 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kama una kisukari. Mimi nina kisukari, nina presha, magoti yamekwisha, na usiku nakoroma hadi pumzi inakatika. Dada yako aliwahi kuniamsha akidhani nimekufa. Kwa hiyo mtu akiniambia najitakia urembo, namwangalia tu.

Kuhusu kufunga mdomo. Mwanangu, wewe umekaa nami nyumba moja. Umeniona nikiacha wali wa usiku, nikiacha soda, nikitoka alfajiri kutembea hadi Raskazone na wenzangu wa shule. Uliniona pia nikipungua, mkanishangilia, nguo zikapelekwa kwa fundi. Kisha uzito ukarudi na ukaja na nyongeza, mkanyamaza kwa adabu. Mlidhani nimerudia sahani. Daktari ndiye aliyenieleza kinachotokea: mtu akipungua sana, mwili unajiona uko kwenye njaa. Unapandisha homoni ya njaa na unapunguza matumizi. Kuna watafiti Marekani waliwafuatilia washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito ule, na wengi walikuwa wamenenepa tena. Hao walikuwa na makocha na kamera juu yao. Mimi nina daftari za kidato cha tatu za kusahihisha.

Sindano nimeziulizia, usidhani nimezipuuza. Zinafanya kazi, na kama ningekuwa na kilo 90 labda ndizo ningechagua. Tatizo ni kwamba ukiacha, uzito unarudi. Waliochunguzwa baada ya kusimamisha dawa walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni kununua kila mwezi, maisha yote, kwa pensheni ya mwalimu. Halafu kuna bandia: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sindano feki za aina hiyo zilizokutwa katika nchi kadhaa. Mwanamke mmoja huku mtaani anaziuza kwenye kipochi, bila barafu. Puto nalo, lile la kuwekwa tumboni kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, hukaa miezi kadhaa kisha hutolewa. Linamfaa mwingine. Kwa uzito wangu na sukari yangu, daktari hakulipendekeza.

Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Ya pili, wanatenga kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, halafu wanakiunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo, chakula kisipite njia yake ya zamani. Hii ya pili ndiyo yangu. Sababu ni kiungulia: ile ya kwanza inaweza kukizidisha, na mimi tayari nalala nimeegemea mito mitatu. Sababu nyingine ni kisukari. Katika njia hii sukari mara nyingi huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujaondoka, kwa kuwa homoni za utumbo zenyewe zinabadilika. Hapo ndipo niliposhawishika. Nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za kilo, nikakuta wanazungumzia sukari.

Hatari zipo. Mjomba wako hakukosea kuzitaja, ila alizitaja kama mtu aliyezisikia kwenye kijiwe cha kahawa. Mshono unaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, ndiyo maana nitasimamishwa nitembee siku ileile ya operesheni na nitachomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Nusu kaputi kwa mtu mnene anayekata pumzi usingizini inataka mtaalamu mzoefu. Kupungua kwa kasi huleta mawe kwenye nyongo. Kwenye vituo vinavyofanya kazi hii kila wiki, wanaofariki ndani ya siku 30 ni kama mtu mmoja hadi watatu kwa kila elfu. Huyo mmoja ni mama wa mtu, najua.

Lakini wewe ni mhasibu, na kitabu chenye upande mmoja hakifungwi. Nyote mmeandika gharama ya kukatwa, hakuna aliyeandika gharama ya kubaki hivi. Sweden walianza utafiti mwaka 1987: watu wapatao 2,000 waliofanyiwa upasuaji, na wengine karibu idadi hiyohiyo, wanene vilevile, waliotibiwa kwa njia za kawaida. Wakawafuatilia kwa miongo. Waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka 3 zaidi. Sikudanganyi kwamba ni 30. Na kwenye kisukari, kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa nacho, baada ya miaka 2 kilikuwa kimetulia kwa 72. Baada ya miaka 10 walibaki 36. Wengi wao walifanyiwa aina za zamani za upasuaji, lakini mwelekeo umeuona: sukari inaweza kurudi. Mimi hata nikipata miaka 5 ya sukari tulivu naipokea, kwa sababu macho, figo na miguu huharibika kidogo kidogo, na kila mwaka uliookolewa ni mwaka ambao hawajaniletea ile fomu waliyomletea mjomba wako.

Nimesikia pia ulichokimeza katikati ya ujumbe. Ndiyo, kiwanja cha Pongwe nimekiuza. Najua ulikuwa umeshakipangia ramani. Nilikinunua kwa mshahara wangu baba yako akiwa hai, naye ni shahidi huko aliko. Jenga pengine.

Shangazi yako ndiye aliyenisumbua zaidi ya wote, na yeye nataka umwelewe. Aliponiambia, "Wifi, ukikonda utatutia aibu," dada yako alikasirika. Mimi sikukasirika. Nyinyi mmekua dawa zipo. Sisi miaka ya tisini mtu akipungua tu, mtaa mzima unanong'ona kwamba kakanyaga miwaya, yaani ana UKIMWI. Wifi yangu alimuuguza baba yenu mkubwa kwenye chumba cha uani mpaka akawa mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja, na waliokuja kumtazama walikuwa wakikataa chai. Kwake yeye, mwanamke mnene ni mwanamke anayetunzwa, na shavu likibonyea ni msiba unabisha hodi. Sasa umwambie mtu huyo kwamba wifi yake atalipia fedha ili akonde! Nilikaa naye barazani nikamweleza sukari, nikamwonyesha vidole vya mguu. Hakukubali. Alisema tu nikirudi nivae mabuibui mapana mwaka wa kwanza. Nitayavaa, si gharama.

Suala la dini halikunichukua muda. Nilimuuliza imamu wetu, akanikumbusha kwamba Mtume ametuamuru tujitibu, na kwamba kubadili umbo kwa kujipamba na kutibu ugonjwa havihukumiwi pamoja. Ramadhani ijayo sitafunga, kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu mtu wa kifuko kidogo anatakiwa kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima. Nimeuliza na hilo nikajibiwa.

Dada yako aliniuliza swali zuri kuliko nyote: "Mama, utaweza kuishi hivyo?" Alikuwa anamaanisha baada ya hapo. Nitakula sahani ya mtoto, nyama au samaki kwanza, wali mwisho kama nafasi ipo. Sitakunywa maji pamoja na chakula. Nikila halua au kashata, kuna hatari moyo uende mbio, jasho linitoke na tumbo liendeshe, kwa sababu sukari inaingia kwenye utumbo kwa mkupuo. Vitamini na madini ya chuma na kalsiamu ni hadi kaburini, pamoja na B12, na damu ipimwe kila mwaka; anayeacha vidonge hupata upungufu wa damu na hata neva zake huumia. Diklofenaki ninazomeza kwa ajili ya magoti ndiyo basi tena, zinaweza kuleta kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Nywele zitapukutika miezi ya mwanzo kisha ziote. Ngozi ya mikono italegea, nami nina miaka 57, nani ananiposa?

Kitu ninachokiogopa kweli ni shughuli. Kwetu hapa mtu hupimwa mapenzi yake kwa sahani. Nikifika kwenye harusi nikala vijiko viwili vya biriani nikafunika, mwenye shughuli atasema nimemdharau, au atasema namshuku uchawi. Nimeshaamua jibu langu ni "daktari amenikataza", na atakayenuna na anune. Lakini nasema hivyo nikiwa hapa mezani na kalamu. Huko ukumbini itakuwa kazi, na sitashangaa ikinishinda mara moja moja. Uzito nao unaweza kurudi kiasi baada ya miaka miwili mitatu, wameniambia mapema, hasa kwa mtu anayedokoa dokoa. Jikoni mwangu mnapajua.

Basi ninachotaka kwako si ruhusa. Fomu naisaini mwenyewe, akili yangu iko timamu. Wanataka jina na namba ya ndugu wa karibu, na nimeandika yako kabla hujaniuliza. Kama moyo wako hautaki, niambie wiki hii niweke ya dada yako, sitakulaumu. Kama unataka, omba likizo, na zungumza na mjomba wako wewe, maana mimi na yeye tukianza tunaishia kwenye mambo ya mwaka 1985.

Wiki mbili kabla ya operesheni ninapewa chakula maalumu cha wanga kidogo ili ini lisinyae, daktari apate nafasi ya kufanya kazi kupitia matundu madogo anayotoboa tumboni. Kwa hiyo hasira zangu ukizisikia kwenye simu, zielewe zinakotoka. Baada ya operesheni ni vimiminika kwanza, kisha vyakula laini, mpaka mwezi wa pili hivi. Usiniletee tende wala sato wa Mwanza. Hati zote ziko kwenye bahasha ya kaki kwa dada yako, pamoja na orodha ya ninaowadai katika kikoba. Wanaonidai wao watajitaja wenyewe.

Basi la usiku kutoka Mwanza linachosha, usiteremke ukaja wodini moja kwa moja. Pitia kwa rafiki yako Kimara, uoge, ulale, ndipo uje. Na shangazi yako akikuuliza jina la hospitali, mwambie umelisahau. Atakuja na hotipoti.

Mama yako
Tanga